Nakuru hadi Kisumu: mahafali, ziwa na meza ya Kiitaliano

Alhamisi

Tumetoka Nakuru saa mbili asubuhi, matatu imejaa hadi kiti cha mwisho. Tuko wawili, mimi na wifi yangu, na kati yetu kuna kapu la mahamri, kachori na chupa ya chai ya tangawizi, kwa sababu wifi hanunui chakula cha njiani hata kwa dawa. Binti yake anahitimu kesho Chuo Kikuu cha Maseno. Tangu wiki jana nyumba yote ya Bondeni inazungumza hilo tu, na shemeji waliobaki wametuagiza picha kana kwamba simu zetu hazina mwisho wa nafasi.

Salgaa malori yalikuwa mengi, yanapanda taratibu, na dereva wetu, Mungu ambariki, hakujaribu kuyapita penye kona. Mau Summit njia inagawanyika: wa Eldoret wanaendelea kulia, sisi tukashika kushoto kuelekea Londiani na Kericho. Kericho kulikuwa na ukungu na baridi, majani ya chai yamelowa pande zote mbili za barabara, na wifi akajifunika leso mbili. Baada ya hapo unateremka tu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130, na mwili unazihisi mita hizo zote: Awasi tukavua sweta, Ahero tukafungua madirisha. Majaruba ya mpunga yalikuwa na maji, korongo na yangeyange wamesimama humo wanatafuta vyura, na akina mama wanauza mchele kando ya lami.

Tukiwa Ahero ndipo binti alipopiga simu. Kesho jioni, anasema, hataki nyama choma wala kuku wa hotelini. Kuna mkahawa wa Kiitaliano upande wa Milimani, wenzake wameusifu, na yeye miaka yote ya chuo ameupita tu kwa nje.

"Kiitaliano ndiyo nini tena, mwanangu?" wifi akamuuliza. "Si uko ziwani hapo? Samaki hawapo?"

"Wapo, mama. Samaki tutakula Jumamosi."

Mimi nilifurahi kimoyomoyo. Nilikulia Malindi, na Malindi mtoto anaijua pizza kabla hajaujua ugali wa mtama. Waitaliano walianza kuja kwa wingi baada ya kituo chao cha anga cha San Marco kujengwa Ngomeni miaka ya 1960, wakafuatia wenye mahoteli na majumba, na vijana wetu wengi wakajifunza jikoni mwao. Nimeolewa Nakuru miaka mingi sasa, lakini harufu ya unga unaoiva juu ya matofali ya moto bado naijua kutoka mbali.

Ijumaa

Maseno iko karibu sana na mstari wa ikweta, na jua la pale halikuoni haya. Mahafali ni mahafali: mahema, joho, majina mengi yanayosomwa haraka, halafu jina lako moja linasomwa na dunia inasimama. Wifi alipiga vigelegele mpaka mama wa kiti cha mbele akageuka, akamtazama, naye akaanza kupiga. Hawajuani. Wakakumbatiana. Saa tisa mvua ikanyesha kwa nguvu na kila mtu akakimbilia magari.

Basi tuje kwenye chakula cha jioni, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu usiku huu.

Mkahawa wenyewe sitautaja. Una ua mpana wenye miti, meza za mbao, taa ndogo zimefungwa matawini, na upande wa nyuma kuna tanuri la matofali lenye mdomo wazi, moto unaonekana kutoka ulipoketi. Nilipoliona tanuri moyo wangu ukatulia. Tukaketi saa moja na nusu. Kwanza wakaleta mkate wao bapa, wa moto, umepakwa mafuta ya zeituni na kunyunyiziwa chumvi ya mawe na majani ya rosemari. Ulikuwa mzuri kwelikweli. Juu unapasuka, ndani laini, una vishimo vikubwa vya unga ulioachwa ukaumuka kwa subira. Wifi alikula vipande vitatu na hakusema neno, na kwa wifi hiyo ni sifa.

Tukaagiza. Mimi mbuta wa kuoka, wifi tambi za nyanya, na binti akachagua kabonara, kwa sababu ndiyo aliyoiona kwenye simu yake miaka yote. Menyu iliieleza kwa maneno machache: tambi, krimu, jibini. Hapo nikamwita mhudumu.

"Kaka, hii kabonara haina nguruwe?"

"Hapana, mama. Hiyo ni krimu tu na jibini."

"Una hakika? Sisi hatuli."

"Nina hakika kabisa."

Niliuliza kwa sababu kabonara, huko Roma ilikotoka, ni mayai, jibini la kondoo, pilipili manga na nyama ya shavu la nguruwe. Krimu haimo kabisa. Lakini mikahawa mingi ya kwetu huipika kwa krimu bila nyama, au kwa kuku, kwa hivyo jibu lake lilikuwa linawezekana, na alilitoa bila kusita.

Tukangoja. Saa mbili ikapita. Saa mbili na nusu. Hakuna aliyekuja kutuambia lolote, na meza zilizokuja baada yetu zikapata soda zao, sisi maji yetu tuliyaomba mara mbili. Kungoja kwenyewe sikulaumu. Chakula kinachopikwa ukiwa umeketi kina wakati wake, na ningeambiwa "itachukua saa nzima" ningetulia. Kinachochosha ni kutoambiwa, unakaa na mtoto wa watu aliyevaa gauni lake jipya, anatazama mlango wa jikoni kila unapofunguka.

Tambi za wifi ndizo zilizotangulia, peke yake. Akaonja, akaniinamia.

"Wifi, hizi hazijaiva."

"Zimeiva, wifi. Wenyewe wanaziacha na kiini kigumu kidogo, meno yapate kazi."

Kwetu tambi zinakaangwa kwanza, zikapikwa kwa sukari, iliki na tui mpaka zinalainika zote, chakula cha futari. Kwa hivyo namwelewa. Lakini katika sahani ile mpishi hakukosea. Nyanya zilikuwa mbichi za sokoni, zimepikwa na kitunguu saumu kwa muda mfupi, mrehani umekatwa kwa mkono na kutiwa mwisho, ndiyo maana ulinukia hadi upande wangu wa meza. Wifi alizizoea kufikia nusu ya sahani.

Kisha kabonara ikaja. Krimu nyingi, nzito, tambi zimevimba na kushikana, na katikati vipande vidogo vyekundu. Binti alikuwa ameshaizungusha kwenye uma. Wifi akamshika mkono.

"Na hivi vyekundu ni nini?"

Mhudumu akainama akatazama. "Ni beikoni kidogo tu, mama."

"Beikoni ya nini?"

Akanyamaza. Halafu akasema neno ambalo mpaka sasa linaniuma: "Naweza kuvitoa nikairudisha."

Nataka nilieleze hili vizuri kwa wasomaji wasio Waislamu, maana naamini yule kijana hakuwa na nia mbaya. Kwake ilikuwa jambo la kupenda na kutopenda, mtu hapendi vitunguu, unamtolea vitunguu. Kwetu mafuta yake yameshaingia katika mchuzi, na uma, na sahani. Na zaidi ya hapo, tulikuwa tumeuliza. Tuliuliza waziwazi, tukapewa hakika ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo. Angesema "ngoja nikamwulize mpishi", ni hatua ishirini tu hadi jikoni, na jioni ya binti isingeharibika.

Binti aliweka uma chini, akaanza kulia kimya. Wifi akasimama kuchukua mkoba. Mimi nikaomba mpishi aje.

Alikuja mwenyewe, mtu wa makamo, aproni imejaa unga. Hakubishana. Aliomba radhi kwa wifi kwanza, kisha kwa binti, kisha kwangu, akaitoa sahani ile mezani kwa mkono wake. Akavuta kiti akauliza kama anaweza kukaa. Tukamkubalia. Ndipo akatupitisha kwenye menyu yake sahani moja baada ya nyingine, bila kuficha. Mchuzi wa nyama wa mtindo wa Bologna, anautia mvinyo, kama wanavyofanya wenyewe. Wali wa Kiitaliano nao unaanzwa kwa mvinyo mweupe. Kitindamlo cha kahawa na jibini laini kina kileo. Pizza ya soseji za duara, hiyo inajulikana. Zilizo salama: tambi za nyanya alizokula wifi, tambi za kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, pizza ya nyanya na mrehani, na mbuta wa kuoka. Halafu akaongeza lile ambalo sikumwuliza: kisu na ubao wa kukatia pizza ni hivyo hivyo kwa zote. "Nikiwapikia, nitakata kwa kisu kingine nilichokiosha mwenyewe, na nitaiweka kwenye sahani ya bati mpya."

Nilimwuliza alijifunza wapi. Malindi, akasema, miaka mingi, ingawa kwao ni Kakamega. Tukatajiana mitaa. Akaniambia nije nione tanuri.

Hapo nilisahau saa. Kuni zilikuwa zimesukumwa upande mmoja, makaa yanang'aa, na sakafu ya matofali imefagiliwa kwa ufagio uliolowa. Akachota unga kidogo kwa vidole viwili akautupa ndani. Ukigeuka mweusi papo hapo, moto umezidi, chini itaungua kabla juu haijaiva. Ulianza kuwa wa kahawia taratibu, akatikisa kichwa kukubali. Donge la unga lilikuwa limelala tangu jana. Hakulisukuma kwa mti wa chapati, alilifungua kwa ncha za vidole kutoka katikati kwenda nje, akiacha ukingo uwe na hewa yake. Nyanya zilizopondwa, jibini jeupe lililochanwa, majani machache ya mrehani, uzi wa mafuta ya zeituni. Basi. Napoli tanuri linafika digrii 430 hadi 480 za Selsiasi na pizza inaiva kwa sekunde 60 hadi 90. Lake halifiki huko, anasema, linachukua dakika mbili na kitu, lakini alisimama pale muda wote akiizungusha kwa koleo refu ili kila upande uonje moto. Mwaka 2017 UNESCO iliuweka ufundi huu wa watengeneza pizza wa Napoli katika urithi wa dunia usioshikika, na ukimtazama mtu anayeujua akifanya kazi, huhitaji kuelezwa sababu.

Nikarudi mezani na pizza ya binti mkononi. Ukingo umevimba na madoa meusi ya moto, katikati laini hata kipande kinainama ukikiinua. Jibini la hapa halikuwa na ule uzito wa maziwa ninaoukumbuka, lilikuwa na chumvi zaidi ya lilivyohitaji. Lakini unga! Binti alikula yote. Alikula macho bado mekundu, kisha akaanza kucheka, kisha akaomba picha.

Mbuta wangu alifika mwisho, ametoka tanuri lile lile. Mnofu mnene, juu yake nyanya, zeituni nyeusi, kapari (vile vitumba vya maua vyenye ukali) na kitunguu saumu, majimaji yake mwenyewe yamekuwa mchuzi. Mbuta ni samaki mwenye mafuta, asipoangaliwa anachosha mdomo, na ukali wa kapari ndio uliomnyoosha. Kama ningepewa sahani hiyo peke yake ningesema huu ndio mkahawa bora niliokula magharibi yote ya Kenya.

Wifi hakuongeza kitu. Alikunywa chai.

Bili ikaja saa nne kasoro, na kabonara imo ndani. Shilingi 1,350. Nikamwita meneja, akasema mfumo ndio umeiweka. Akaitoa, lakini ilibidi tumngoje tena robo saa, na hakuomba radhi kwa lolote. Nilimpa mpishi mkono tukitoka, na bakshishi yake nikampa mwenyewe.

Jumamosi

Asubuhi tulikwenda Dunga kwa tuktuk. Gugu maji lilikuwa limesogea ufukweni usiku, zulia la kijani hadi mbali, na mashua zinapenya kwa kasia zikipasua njia ambayo inajifunga nyuma yake.

Mama aliyetukaangia samaki alituonyesha ngege watatu kwenye beseni, tukachagua. Wifi akamwuliza itachukua muda gani.

"Dakika arobaini. Mafuta hayajashika moto, na ugali bado. Kama mna haraka, kuna waliokwisha kaangwa, lakini ni wa asubuhi."

Tukamngoja. Alimpasua kila samaki mistari ya mshazari ubavuni, chumvi ikaingia, akamtia kwenye mafuta na hakumgusa mpaka upande wa chini ulipokauka. Kisha nyanya na kitunguu juu, ugali, na osuga, mboga ya majani, iliyopikwa kwa maziwa. Ilikuwa dakika arobaini na kidogo. Wifi alikula akamaliza mpaka kichwa.

Tukala tukiijadili jana. Wifi msimamo wake haukubadilika: "Yule mpishi ni muungwana, nimemsamehe kwa Mungu. Lakini pale sirudi. Nyumba ambayo anayekuletea chakula hajui anachokuleta, mimi sina cha kufanya humo."

Mimi ningerudi, na nilimwambia hivyo. Ningeketi karibu na tanuri, nikaagiza mkate, pizza ya nyanya na mbuta, nikamwuliza mpishi mwenyewe na si mwingine. Mambo ya tambi na krimu ningewaachia. Mtu mmoja anayejua kazi yake hawezi kulinda menyu nzima peke yake usiku wa Ijumaa, lakini kazi aliyoigusa ilikuwa safi, na kumhukumu kwa sahani iliyotoka upande wa pili wa jiko naona si haki. Wifi akaniambia haki ya mpishi ni ya mpishi, lakini aliyelia ni mwanawe. Sikuwa na la kujibu.

Binti alikuwa anatusikiliza tu, anachambua miiba. Akasema, "Anti, mimi iliyoniuma ni menyu. Wangeandika tu." Maneno matatu, manne, pembeni ya jina la chakula. Kisumu ina Waislamu tangu reli ilipofika hapa mwaka 1901, na Msikiti wa Jamia uko katikati ya mji, si wageni kwamba mkahawa ushangae tukiuliza. Na wako Waadventista tele katika nchi hii ya Nyanza, nao nguruwe hawali. Ukihesabu vizuri, meza nyingi za mji huu zingependa kujua.

Jumapili

Kibuye siku ya Jumapili ni soko la kupotelea. Tulinunua omena, vikapu viwili, na nyanya nyingi kuliko tulivyopanga, kwa sababu tangu Ijumaa mimi nina hamu ya kupika ule mchuzi mfupi wa kitunguu saumu. Mrehani upo uani Nakuru.

Binti anabaki Kisumu, amepata mafunzo ya kazi ya miezi mitatu. Tulimwacha steji, wifi akamshikia mkono dirishani mpaka gari likaanza kusogea. Safari ya kurudi ni kupanda, Kericho ikatupokea kwa mvua, na tulifika Bondeni baada ya Isha.

Jumatatu

Mchana binti amenitumia picha. Amepita pale mkahawani akielekea kazini, akaomba kuiona menyu. Pembeni ya kabonara pameandikwa kwa kalamu: *ina nyama ya nguruwe*. Wali, mchuzi wa Bologna na kitindamlo cha kahawa viko vilevile, havina alama yoyote.

Nimemwandikia zile sahani tatu alizozitaja mpishi na kilichomo katika kila moja. Kesho atapita tena, amesema, na atamwomba meneja kalamu.